Kalavati limekatika, uanzie wapi: mtaa, kata, TARURA au kamati ya madiwani?

Kalavati la kuelekea shule ya msingi mtaani kwetu lilikatika usiku, masika yakiwa yamechanganya. Asubuhi watoto walivushwa mmoja mmoja na kijana wa bodaboda aliyesimama ndani ya maji hadi magotini, mabegi yao ameyabeba kichwani. Siku hiyohiyo tulikusanya saini 43, tukaandika barua kwa mkurugenzi wa halmashauri, tukaifikisha masijala, ikagongwa muhuri wa "imepokelewa". Tukarudi nyumbani tukiamini kazi imekwisha.

Miezi minne baadaye nilikwenda kuulizia. Karani akanifungulia jalada. Barua yetu ilikuwemo, na pembeni mtu ameandika kwa kalamu nyekundu: "Si ya kwetu, ni ya TARURA." TARURA ni Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini. Barua ikaishia hapo. Hakuna aliyeipeleka TARURA, wala hakuna aliyetuambia sisi.

Wakati huo nilikuwa mjumbe wa kamati ya mtaa, nafasi niliyokaa nayo miaka mitano. Swali ninaloulizwa na majirani mpaka leo ni lilelile: tuanzie kwa nani? Kwa hiyo naweka hapa ulinganisho wa milango iliyopo, nguvu ya kila mmoja na mahali unapokwama, ili usije ukapoteza miezi minne kama sisi. Nazungumzia miji ya Tanzania Bara. Vijijini kuna serikali ya kijiji mahali pa mtaa, na Zanzibar ina mfumo wake.

Kwanza, mali ni ya nani?

Hili ndilo kosa letu la kwanza, na ndilo ninaloliona likirudiwa kila mahali. Watu wengi bado wanaamini kila barabara ya mjini ni ya halmashauri. Nyingi zilikuwa hivyo zamani. Tangu mwaka 2000 barabara kuu na za mikoa ziko chini ya TANROADS, na mwaka 2017 ilipoanzishwa TARURA, barabara za wilaya, yaani za mkusanyo, za mlisho na za jamii, ziliondoka mikononi mwa wahandisi wa halmashauri zikahamia huko. Ni zaidi ya kilomita 144,000 nchi nzima, na sehemu kubwa ni za udongo. Barabara ikihama, vinahama nayo mtaro wa pembeni, kalavati na kivuko chake.

Maji nayo yana mamlaka yake. Dar es Salaam ni DAWASA, ambayo mwaka 2018 iliunganishwa na DAWASCO. Miji mingine ina mamlaka zake za maji, na vijijini iko RUWASA tangu 2019. Nguzo ya umeme iliyoinama ni ya TANESCO.

Kinachobaki kwa halmashauri bado ni kingi: majengo ya shule za msingi na sekondari za serikali, zahanati na vituo vya afya, masoko, stendi, uzoaji wa taka, machinjio, maeneo ya wazi, vibali vya ujenzi, na ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kwa mambo haya kamati za madiwani zina kauli ya moja kwa moja. Kwa barabara zina sauti, lakini hazina fungu. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua uanzie mlango upi.

Mtaa au kata?

Serikali ya mtaa ni mwenyekiti mliyemchagua (uchaguzi wa mwisho ulikuwa Novemba 27, 2024), wajumbe wa kamati yake, na mtendaji wa mtaa ambaye ni mwajiriwa. Haina bajeti ya kujenga chochote cha maana. Inaweza kuitisha nguvu kazi ya kuzibua mtaro, kusuluhisha mgogoro wa mpaka, kuandika barua ya utambulisho. Kwa sababu hiyo wengi wanaidharau na kuiruka.

Mimi nasema usiiruke. Mkutano wa wakazi wa mtaa ndio pekee katika ngazi zote ambapo wewe, bila cheo chochote, unasimama na kusema, na maneno yako yanaandikwa. Lile daftari kubwa la mtendaji, lenye jalada gumu na kona zilizokunjika, lina uzito kuliko saini zetu 43. Saini zinaonyesha watu wamekasirika. Muhtasari unaonyesha chombo cha kisheria kimekaa, kimejadili na kimeamua. Ofisa anayepokea saini anaweza kuziweka pembeni kama malalamiko. Muhtasari uliosainiwa na mwenyekiti na mtendaji ni uamuzi wa ngazi ya chini, na ni vigumu zaidi kwa ngazi ya juu kuupuuza.

Udhaifu wa mtaa ni kwamba unategemea sana watu wawili. Mwenyekiti asiyeitisha mikutano, au mtendaji asiyeandika, anafunga mlango mzima. Tulikuwa na kipindi cha karibu mwaka mzima bila mkutano, na kila jambo tuliloliongea barazani lilipotea kama mvuke. Hali ikiwa hiyo kwenu, mwandikieni mwenyekiti kuomba mkutano, nakala kwa mtendaji wa kata.

Kamati ya Maendeleo ya Kata ni jambo jingine. Mwenyekiti wake ni diwani, katibu ni mtendaji wa kata, na wenyeviti wa mitaa yote ya kata ni wajumbe. Hukaa kila robo mwaka. Hapa ndipo mitaa inashindana. Wenu unataka kalavati, wa jirani unataka choo cha shule, wa tatu una bonde linalokula nyumba. Kata haiwezi kupandisha yote kwa uzito sawa. Inapanga vipaumbele, na kilichokaa nafasi ya tisa hakitapata fedha mwaka huo.

Ukinilazimisha kuchagua kati ya hivi viwili, nitakwambia kelele zako zipige mtaani, hesabu zako uzifanye katani. Mwenyekiti wenu anapokwenda kwenye kikao cha kata asiende mikono mitupu. Sisi mara ya pili tulimpa karatasi moja: picha mbili za kalavati, idadi ya wanafunzi wanaolivuka kwa mujibu wa mwalimu mkuu, urefu wa sehemu iliyokatika tuliopima kwa futi ya fundi, na nakala ya muhtasari. Wenyeviti wengine walikwenda na maneno. Kalavati letu likawa la pili kwenye orodha.

Ndani ya kamati za kudumu

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ni mlango ambao watu wanausikia kwenye taarifa za habari tu.

Halmashauri ya jiji au manispaa inafanya kazi kwa kamati za kudumu za madiwani. Kuna Kamati ya Fedha na Uongozi, ambayo mwenyekiti wake ni meya na hukutana kila mwezi. Kuna Kamati ya Mipango Miji na Mazingira, na kuna ile inayoshughulikia uchumi, afya na elimu. Hizi hukutana kila robo. Zipo na nyingine, kama ya kudhibiti UKIMWI na ya maadili. Kila kamati ina madiwani kama wajumbe, na wakuu wa idara wanakuja na makabrasha, yale mafungu mazito ya taarifa ambayo wajumbe hupewa kabla ya kikao. Kamati inajadili, inapendekeza, na baraza la madiwani linapitisha au kurudisha.

Mwananchi haingii kwenye kikao cha kamati. Mkutano wa baraza lenyewe uko wazi, unaweza kwenda ukakaa na kusikiliza, ingawa huruhusiwi kuchangia. Kamati ni ya wajumbe na wataalamu. Kwa hiyo swali la kweli ni hili: jambo lako linaingiaje kwenye kabrasha?

Linaingia kwa njia mbili. Ya kwanza ni kupitia mtaalamu: mkuu wa idara anapoona hoja kutoka kata anaiweka kwenye taarifa yake. Ya pili ni diwani. Diwani wenu ana taarifa ya kata anayoiwasilisha kwenye baraza kila robo, ana nafasi ya kuuliza maswali, na kama ni mjumbe wa kamati husika anaweza kulisemea mezani palepale. Njia ya diwani ni ya haraka, lakini ni ya mdomo mpaka iandikwe. Ya mtaalamu ni ya polepole, lakini ikishaingia ina namba ya ukurasa.

Kuna neno moja nililojifunza kwa diwani wetu ambalo natamani kila mjumbe wa mtaa alijue: yatokanayo. Ni ajenda ya mwanzo katika kila kikao, ambapo wanapitia maazimio ya kikao kilichopita na kuuliza yamefikia wapi. Jambo lililosemwa tu kwenye mjadala linakufa kikao kikifungwa. Lililoandikwa kama azimio linarudi robo inayofuata kwenye yatokanayo, na ofisa fulani lazima afungue mdomo alieleze. Kwa hiyo usimwombe diwani "atusemee". Mwombe jambo liingie kama azimio, na robo inayofuata mwulize kwenye yatokanayo lilijibiwa nini.

Sasa kamati ipi? Kama ni mtu amejenga kwenye uwanja wa wazi, jengo limegeuzwa matumizi bila utaratibu, au taka hazizolewi, ni Mipango Miji na Mazingira. Uchukuaji wa maeneo ya wazi ni jambo la kukimbilia mapema, kwani msingi ukishamwagwa zege kila siku inayopita inaongeza gharama ya kubomoa na uzito wa kesi. Paa la darasa, upungufu wa vyoo vya shule, zahanati isiyo na uzio: hiyo ni kamati ile ya uchumi, afya na elimu. Kamati ya Fedha na Uongozi ni ya pale ambapo jambo limeshakubalika kote na tatizo limebaki fedha, au mradi umeanza ukasimama.

Na kamati hiyo ya fedha ina nguvu moja kubwa: ziara. Kila robo wajumbe hupanda gari la halmashauri wakazunguka kukagua miradi. Mkibahatika kusimamishiwa msafara, jiandaeni. Mara ya kwanza kwetu walisema watu ishirini kwa wakati mmoja, na wajumbe wakapanda gari bila kuelewa kitu. Mara ya pili tulichagua wawili. Mama mmoja, ambaye nyumba yake iko mita chache kutoka kwenye mtaro, aliwaonyesha ukutani mistari mitatu ya chaki, kila mmoja na mwaka wake, pale maji yalipofika kila masika. Wa juu kabisa ulikuwa usawa wa kitasa cha mlango. Mwenyekiti wa kamati alisimama akautazama mstari ule muda mrefu, kisha akamwita mhandisi aje aupime.

Udhaifu wa kamati ni mwendo wake. Vikao vya robo mwaka maana yake ukikosa kimoja umepoteza miezi mitatu. Na kwa barabara, hata azimio zuri kiasi gani linaishia kuwa ombi kwa taasisi nyingine.

Kwenda TARURA moja kwa moja

Kama una hakika barabara ni yao, hakuna sharti kwamba barua ipite kwa diwani. Ofisi ya meneja wa wilaya inapokea. Faida yake ni kwamba unaongea na mwenye fungu na mwenye mhandisi. Kalavati likikatika ghafla na watu hawapiti, huko ndiko pa kukimbilia siku hiyohiyo, kwa sababu matengenezo ya dharura hayasubiri kikao cha robo.

Hasara yake ni kwamba ukienda peke yako wewe ni barua moja kati ya nyingi. Bajeti ya barabara za mijini ni ndogo kuliko mahitaji, hata baada ya Serikali kuongeza tozo ya shilingi 100 kwa kila lita ya mafuta mwaka 2021 kwa ajili ya barabara hizi. Mhandisi akiwa na maombi mengi na fedha za machache, atachagua kwa vigezo vyake vya kitaalamu, na vipaumbele vilivyopitishwa na vikao vina nafasi nzuri zaidi ya kusikika. Ndiyo maana mimi sipendi kuiona TARURA na kamati kama njia mbili za kuchagua moja. Dharura, nenda TARURA ukiwa na barua ya mtaa mkononi. Ujenzi mpya, lami, mtaro wa zege, daraja la kudumu: pitia kata na madiwani, kisha nakala ya azimio uipeleke TARURA wewe mwenyewe. Usisubiri ifike yenyewe. Yetu haikufika.

Mbunge

Kwa kifupi. Mbunge ni mjumbe wa baraza la madiwani, na ana Mfuko wa Jimbo ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2009, ambao kamati yake yeye ndiye mwenyekiti. Fedha zake si nyingi. Zinafaa kumalizia kitu ambacho wananchi wamekianza: mabati ya darasa lililofika lenta, mabomba ya kisima kilichochimbwa. Kwa kalavati la zege hazitoshi, na kumpelekea mbunge jambo ambalo kata haijalijadili kunamuudhi diwani, ambaye utamhitaji kesho.

Wenzetu wa Kenya

Naligusa hili kwa sababu nina ndugu Mombasa na tumelinganisha mara nyingi. Kwao Katiba ya 2010, Ibara ya 196, inalitaka bunge la kaunti kuendesha vikao vyake na vya kamati zake hadharani na kushirikisha wananchi. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inampa mtu yeyote haki ya kupeleka ombi rasmi kwenye bunge hilo. Kwa hiyo ndugu yangu anaweza kuingia kwenye kikao cha kamati akasikiliza, jambo ambalo mimi hapa silipati. Natamani tungekuwa nalo. Lakini swali la mwenye mali linawasumbua na wao: barabara kubwa ni za KeNHA, mamlaka ya barabara kuu za taifa, nyingine za mijini ziko chini ya KURA, mamlaka ya barabara za mijini, nyingine ni za kaunti, na mkazi wa kawaida hawezi kuzitofautisha kwa macho.

Wakati unaamua kuliko mlango

Mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Vipaumbele vya mitaa na kata hukusanywa miezi ya mwisho ya mwaka, halmashauri hupitisha makisio yake karibu na Januari na Februari, na Bunge hukaa Dodoma kuanzia Aprili hadi Juni. Masika nayo yanapiga kati ya Machi na Mei. Yaani mvua inavunja vitu wakati bajeti ya mwaka unaofuata imeshaondoka kwenye halmashauri. Barua ya Aprili inayoomba daraja jipya imechelewa kwa mwaka huo na mwaka unaofuata, hata kama kila aliyeisoma anakubaliana nawe.

Kwa sababu hiyo masika mnahitaji barua mbili. Moja ya dharura, fupi, kwenda kwa mwenye mali sasa hivi: tupitishieni watoto. Ya pili wekeni kwenye faili la mtaa pamoja na picha za maji yakiwa yamejaa, mje kuitoa Oktoba kwenye mkutano wa kupanga vipaumbele, wakati jua linawaka na hakuna anayekumbuka mafuriko. Picha za Aprili ndizo zinazoshinda hoja ya Oktoba.

Ukiwa na jambo leo, basi, mimi ningefanya hivi. Hatari kwa maisha: nenda kwa mwenye mali leo, mtendaji wa mtaa akiwa nawe. Uvamizi wa eneo la wazi au ujenzi usio na kibali: muhtasari wa mtaa wiki hii, barua kwa mkurugenzi, nakala kwa diwani ikiomba kwa jina Kamati ya Mipango Miji na Mazingira. Shule na zahanati: kata, kisha kamati, bila haraka, kwa sababu hapo halmashauri ndiyo yenye mali na azimio lina nguvu kamili. Mradi uliokwama: Kamati ya Fedha na Uongozi, na ombeni ziara.

Kalavati letu lilijengwa. Lilichukua masika mawili tangu tuanze upya kwa njia ya mtaa na kata. Ni la zege, pana, pikipiki mbili zinapishana. Ila halina kingo upande wa shule, na mtoto wa darasa la kwanza ameshateleza hapo mara moja. Tumelisema kwenye mkutano wa mtaa uliopita, limeandikwa, na mwenyekiti analo kwenye karatasi yake ya kikao cha kata.